Cheo cha Mpira ni Koti la Kuazima

Watu wa mji huu huwajua wachezaji wao kwa majina, kwa miguu, na hata kwa namna ya kutembea. Mchezaji akikosa goli siku ya Jumamosi, habari zake huzungumzwa Jumatatu kiwandani, bandarini na ndani ya daladala, tangu Mbagala hata Mwananyamala. Lakini yule aketiye mezani, ashikaye muhuri, atiaye sahihi hundi na kuandika kumbukumbu za mkutano, ni nadra kutajwa mpaka siku mambo yaharibikapo. Sisi twaona hilo ni kosa. Mchezaji akiharibu huonekana na watu sitini elfu. Kiongozi akiharibu huenda asionekane na mtu hata mmoja, na hasara yake ikadumu miaka kumi.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kuitazama safari ya uongozi ya mtu mmoja, Ndugu Leodegar Chilla Tenga, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, tangu Desemba 2004 hata Oktoba 2013. Hatufanyi hivyo ili kumpamba mtu. Twafanya hivyo kwa kuwa ndani ya miaka ile limo somo linalomhusu kila mwenye kadi ya chama chochote, awe mwanachama wa klabu, wa ushirika au wa chama cha wafanyakazi. Somo lenyewe ni hili: kiongozi hupimwa kwa ofisi atakayoiacha ikisimama baada ya yeye kuondoka. Na swali linalofuata ni je, somo hilo limeshuka mpaka Temeke na Kinondoni, au limebaki juu katika shirikisho?

KUTOKA UWANJANI HADI MEZANI

Ndugu Tenga hakuingia katika mpira kwa mlango wa ofisi. Alikuwa mlinzi, akaichezea Pan African, klabu iliyozaliwa katikati ya miaka ya 1970 baada ya Yanga kugawanyika. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars wakati timu hiyo ilipoitoa Zambia mwaka 1979: ilishinda goli moja kwa bila hapa Dar es Salaam, kisha ikatoka sare ya moja kwa moja kule Ndola, kwa goli la Peter Tino ambalo wazee wetu wangali wakilisimulia. Machi 1980 aliiongoza timu yetu mjini Lagos katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulifungwa na Nigeria tatu kwa moja, tukafungwa na Misri mbili kwa moja, tukatoka sare ya moja kwa moja na Ivory Coast. Hatukurudi na kombe, lakini tulirudi na heshima.

Baada ya hapo nchi hii ilikaa miaka 39 bila kuziona tena fainali hizo. Wachezaji hodari hawakukosekana katika muda wote huo. Kilichokosekana kilikuwa nyumba ya kuwaweka. Chama cha zamani, FAT, kilijulikana kwa ugomvi wa viongozi wake, kesi mahakamani, na serikali kulazimika kuingilia kati mara kwa mara. Kila kundi lililopata madaraka lilikuja na watu wake, na lilipoondoka liliondoka na mafaili yake. Anayeingia alianza upya kana kwamba mpira umezaliwa siku ile.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Ndugu Tenga alipochaguliwa mwishoni mwa mwaka 2004. Alikuwa mhandisi kwa elimu, na twadhani tabia ya kazi hiyo ilimfaa, kwani mhandisi hatangulizi paa kabla ya msingi.

KAZI ISIYOPIGIWA MAKOFI

Yafaa tuwe waadilifu katika kuhesabu. Mambo mengi yaliyowafurahisha wananchi katika miaka ile hayakuwa kazi ya mtu mmoja. Uwanja mkubwa wa Temeke, uliofunguliwa mwaka 2007 na ambao tangu 2020 waitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulijengwa na serikali pamoja na marafiki zetu wa China. Mwalimu Marcio Maximo kutoka Brazil, aliyekuja mwaka 2006, alilipwa na serikali. Siku ile ya Juni 2010 ambapo Brazil yenyewe ilishuka katika uwanja huo na kutufunga tano kwa moja, umati ulikuja kuwatazama Wabrazil, si kuitazama TFF.

Basi iliyokuwa kazi ya ofisi yenyewe ni ipi? Ni kazi ambayo haipigiwi makofi. Katiba mpya ya mwaka 2006 ilitenga madaraka. Katibu mkuu, ambaye zamani alitafuta kura kama wanasiasa wengine wa mpira, akawa mtumishi aliyeajiriwa. Zikawekwa kamati za uchaguzi, za nidhamu na za rufani, ili anayelalamika asilazimike kumlalamikia yule yule aliyemdhulumu. Mikutano mikuu ikaitishwa, na hesabu zikawekwa mbele ya wajumbe. Kwa kuwa hesabu zilionekana, wenye fedha hawakuogopa tena kuitoa: benki ya NMB na kampuni ya bia ya Serengeti ziliidhamini Taifa Stars. Wafanyakazi watalielewa jambo hilo upesi. Hakuna mtu atiaye akiba yake katika chama ambacho mweka hazina wake anaficha daftari.

Matunda yake yalianza kuonekana pole pole. Taifa Stars ilifuzu fainali za CHAN za mwaka 2009 kule Ivory Coast. Timu ya wanawake, Twiga Stars, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2010 kule Afrika Kusini, wakati ambapo watu wengi walikuwa hata hawajui kwamba nchi hii ina timu ya wanawake. Desemba ya mwaka huo huo Tanzania Bara ilitwaa Kombe la Chalenji hapa hapa Dar es Salaam, kwa kuwafunga waalikwa wa Ivory Coast goli moja kwa bila. Naye Ndugu Tenga aliaminiwa na majirani: aliiongoza CECAFA tangu 2007 hadi 2015, na akawa mjumbe wa Kamati ya Utendaji ya CAF.

DOA KATIKA KANZU

Hata hivyo, anayesifu bila kupima humdanganya anayesifiwa. Mwisho wa uongozi wa Ndugu Tenga haukuwa safi kama mwanzo wake. Mwaka 2012 marekebisho ya katiba yalipitishwa kwa waraka uliozungushwa kwa wajumbe, badala ya kujadiliwa katika mkutano wa ana kwa ana. Mapema mwaka 2013 wizara iliyakataa marekebisho hayo. Wakati huo huo Ndugu Jamal Malinzi, mmoja wa wagombea wa kiti cha rais, alikuwa ameenguliwa. FIFA ikaagiza uchaguzi usimame. Miezi ikapita katika mabishano, mpaka mkutano mkuu maalumu ulipoitishwa Julai 2013.

Sisi hatuoni kwamba waraka ule ulikuwa jambo dogo. Katiba ni mali ya wanachama, na mali ya wanachama haibadilishwi kwa bahasha. Katika mkutano mjumbe humsikia mwenziwe, huuliza, hukataa, hushawishiwa na kushawishi. Kwa waraka yuko peke yake na karatasi, na karatasi haijibu maswali. Kama jambo hili lilimpata hata kiongozi aliyekuwa na sifa ya kuheshimu taratibu, basi laweza kumpata yeyote, na ndiyo maana ulinzi wa katiba haufai kuachiwa tabia njema ya mtu mmoja.

Lakini tazameni kilichofuata. Tarehe 27 Oktoba 2013 uchaguzi ulifanyika. Ndugu Malinzi, yule yule aliyekuwa ameenguliwa mwanzoni, aliruhusiwa kusimama, akashinda. Ndugu Tenga hakugombea. Alikuwa amemaliza vipindi viwili, akakabidhi ofisi, akaenda zake. Hakuna aliyemwondoa kwa nguvu, wala hakuna aliyehitaji kuvunja mlango ili kupata funguo.

Ili kulipima jambo hilo, yatupasa kukumbuka desturi ya wakati ule. Bwana João Havelange wa Brazil aliishika FIFA tangu 1974 hadi 1998. Bwana Sepp Blatter aliyemrithi aliishika mpaka 2015, akaondoka katikati ya aibu kubwa. Bwana Issa Hayatou wa Kameruni aliiongoza CAF tangu 1988 hadi 2017, yaani miaka 29, akatoka kwa kushindwa kura. Katika dunia ya namna hiyo, mtu kuvua koti mwenyewe na kulitundika pahali pake ni jambo la kutajwa. Wahenga walituambia kwamba cheo ni koti la kuazima. Walisahau kutuambia jinsi ilivyo taabu kulirudisha.

Naye hakuwa mtu wa kukosa pa kwenda. Baadaye aliongoza Shirikisho la Wenye Viwanda kama mkurugenzi mtendaji, na akawa mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa. Huenda hapo pana siri. Mwenye kazi nyingine mikononi hakiogopi kiti kuwa kitupu. Anayekitegemea cheo kwa chakula chake cha kila siku hukishika kwa meno.

JENGO LILIVYOTIKISWA

Msingi hujulikana ubora wake siku ya tetemeko. Juni 2017 Ndugu Malinzi alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka yaliyohusu mambo ya shirikisho. Hukumu ni kazi ya mahakama, nasi hatuirudii hapa. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba katika siku za FAT jambo kama hilo lingeusimamisha mpira wote. Safari hii makamu wa rais, Ndugu Wallace Karia, alikaimu, na Agosti mwaka huo huo wajumbe walikutana Dodoma wakamchagua kuwa rais. Ligi iliendelea. Ofisi ilikuwa imejifunza kusimama bila kumtegemea mtu.

Tangu hapo yamepatikana mengi ambayo hapana mtu mwaminifu awezaye kuyakana. Taifa Stars ilirudi katika fainali za Afrika mwaka 2019 kule Misri, ikafuzu tena zile zilizochezwa Ivory Coast mapema 2024, na tena zile za mwaka 2025 zilizoandaliwa na Morocco. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikaifikia fainali hiyo hiyo mwaka 2025. Septemba 2023 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilipewa kuandaa fainali za Afrika za mwaka 2027. Tarehe 2 Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalifunguliwa Temeke, na vijana wetu wakaifunga Burkina Faso mbili kwa bila.

Pamoja na mafanikio hayo, liko jambo moja linalotutia wasiwasi. Mwaka 2021, na tena mwaka 2025, uchaguzi wa rais wa TFF ulifanyika Tanga ukiwa na mgombea mmoja tu. Wengine waliochukua fomu hawakufika kwenye kura, kwa kuwa kanuni humtaka mgombea aidhinishwe kwanza na baadhi ya wanachama wa shirikisho, na mwanachama akishamwidhinisha mmoja, mwingine hupungukiwa. Hatusemi kwamba Ndugu Karia asingeshinda. Huenda angeshinda kwa wingi mkubwa. Twasema kwamba ushindi wa namna hiyo humnyima hata mshindi mwenyewe kitu cha thamani, yaani kuulizwa maswali na mpinzani mbele ya watu. Mkimbiaji aliye peke yake hawezi kujua kama ana mbio.

Wako wasemao kwamba uchaguzi wenye wagombea wengi huleta ugomvi, na kwamba ugomvi ndio ulioiua FAT. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini dawa ya ugomvi ni kamati za haki na daftari lililo wazi, kama yalivyowekwa mwaka 2006. Kufunga mlango hakumalizi ugomvi. Huuhamishia uani, ambako hauna mwamuzi.

HUKU KWETU TEMEKE NA KINONDONI

Sasa tushuke chini. Mwanachama wa klabu ya mtaani hamchagui rais wa TFF. Klabu yake hushiriki kuchagua viongozi wa wilaya, yaani TEFA kwa Temeke na KIFA kwa Kinondoni. Vyama vya wilaya huchagua viongozi wa mkoa, DRFA. Na mkoa hupeleka wajumbe katika mkutano mkuu wa taifa. Maana yake ni kwamba kila rais wa mpira, awe mwema au mbaya, mbegu yake hupandwa katika ukumbi mdogo wa kata, mbele ya watu wachache, siku ambayo wengi wetu tumelala au tumekwenda kutazama mechi ya Ulaya kwenye televisheni.

Temeke ni wilaya ya ajabu katika jambo hili. Ndani yake upo Uwanja wa Uhuru, ambamo bendera yetu ilipandishwa Desemba 1961. Ubavuni mwake upo Uwanja wa Mkapa. Kule Chamazi upo uwanja wa Azam. Nayo Kinondoni ina timu yake ya manispaa, KMC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018, na uwanja wake wa Mwenge. Mgeni akiyasikia hayo atadhani kwamba watoto wa wilaya hizi wana raha isiyo kifani. Lakini na atembee Tandika, Yombo, Mtoni, Tandale na Mwananyamala, aulize watoto wanacheza wapi. Vile viwanja vya wazi vya mitaa vimegeuka majumba, gereji na maegesho ya magari. Mtoto aweza kuiona taa ya uwanja wa kimataifa kutoka dirishani kwao, naye asiwe na hatua ishirini za mchanga wa kuchezea.

Zamani pengo hilo lilizibwa na mahali pa kazi. Wafanyakazi walikuwa na timu zao: Sigara ya kiwanda cha sigara, Bandari ya watu wa bandarini, na huko Morogoro ilikuwapo Reli. Kijana wa Chang'ombe au Keko aliweza kupata ajira, jezi na kiwanja kwa mkono mmoja. Mashirika ya umma yalipouzwa au kufungwa tangu miaka ya 1990, timu nyingi za namna hiyo zilikufa nayo, na hapana aliyeandika katika mkataba wowote kwamba kiwanja kibaki kuwa kiwanja. Jambo hilo halikutokea kwa sababu ya adui. Lilitokea kwa sababu katika meza ile hakuwapo kiongozi wa mpira wa wilaya aliyekuja na ramani na hati mkononi.

Na hata kile kikubwa tulicho nacho chataka utunzaji wa kila siku. Mei 2025 Simba ilipaswa kucheza mechi ya pili ya fainali yake ya Afrika katika Uwanja wa Mkapa. Kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, CAF iliihamishia mechi hiyo Zanzibar, katika Uwanja wa Amaan. Ndugu zetu wa Zanzibar waliipokea kwa moyo, na hilo ni jema. Lakini Temeke ilipoteza siku ya kazi. Mama lishe, mwuza jezi, dereva wa bodaboda na mlinzi wa magari, wote walikuwa wakiihesabu siku ile. Majani ya uwanjani hayahitaji hotuba. Yahitaji maji, mashine, na mtu ambaye jina lake limeandikwa kwamba yeye ndiye mwenye kuulizwa.

YATUPASAYO

Basi tumalize kwa kusema wazi tunayoyataka.

Kwanza, kila chama cha mpira cha wilaya kisome hesabu zake mbele ya klabu zake kila mwaka, na nakala ibandikwe ukutani. Kilichowezekana katika shirikisho la taifa tangu 2006 hakiwezi kushindikana Temeke.

Pili, kila chama cha wilaya kifanye orodha ya viwanja vyote vya mitaa vilivyobaki, kwa jina na kwa mipaka, kiipeleke manispaa, na kudai hati. Kiwanja kisicho na karatasi ni kiwanja cha mtu mwingine.

Tatu, kanuni ya kuidhinisha wagombea itazamwe upya katika mkutano mkuu, kwa kukutana na si kwa waraka, ili hata ukumbi wa taifa usikie sauti zaidi ya moja kabla ya kura kupigwa.

Nne, na hili ni letu wenyewe: wafanyakazi wapendao mpira waende kwenye mikutano. Haifai kumlaumu kiongozi kwa miaka minne juu ya kura ambayo hukwenda kuitazama ikihesabiwa. Anayejua kusoma daftari la chama cha wafanyakazi aweza kusoma daftari la klabu. Hesabu ni zile zile.

Ndugu Tenga alicheza Lagos akiwa kijana, akaondoka ofisini akiwa mtu mzima, na katika safari zote mbili hakurudi na kombe la Afrika. Aliacha ofisi yenye katiba, mafaili na mrithi aliyechaguliwa, na doa moja la waraka ambalo litukumbushe kwamba hata mwema ataka kulindwa na sheria. Fainali za 2027 hupita kama zipitavyo sikukuu zote, na wageni hurudi makwao. Tuhakikishe kwamba wakisha kwenda, mtoto wa Tandika anabaki na kiwanja, na klabu yake inabaki na daftari lisomekalo.